Mei Lanfang (1894–1961) na Suala la Ujadi katika Opera ya Beijing

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sanaa za maonyesho, neno jadi hutumiwa mara nyingi kana kwamba lina maana moja tu: kitu kilichorithiwa kutoka kwa wahenga na kuhifadhiwa bila ya kuguswa. Opera ya Kichina, hususan ile ya Beijing, imekuwa mfano unaopendwa sana wa ujadi wa namna hiyo. Watu wengi wa tamthilia wa Ulaya na Marekani walioiona katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliamini kwamba wanatazama sanaa ya kale mno, iliyowafikia ikiwa nzima. Aliyewaonyesha sanaa hiyo alikuwa Mei Lanfang, mwanamume aliyeigiza dhima za kike kwa zaidi ya nusu karne.

Makala haya yanaeleza maisha yake, na yanadai kwamba sehemu kubwa ya kile kilichochukuliwa kuwa ukale mtupu ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe na ya wenzake, kazi ambayo baadhi yake haikuwa imetimiza hata miaka ishirini. Suala hili haliko mbali na fasihi ya Kiswahili. Mawazo ya Bertolt Brecht yametajwa sana na wahakiki wa tamthilia za Ebrahim Hussein, ambaye mwenyewe alisomea shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin. Kwa nadra hukumbukwa kwamba wazo moja kuu la Brecht lilinolewa mjini Moscow mwaka 1935, alipomtazama mwigizaji huyu wa Kichina.

2.0 Sanaa aliyoikuta

Opera ya Beijing si kongwe kama inavyodhaniwa. Kwa desturi, historia yake huanziwa mwaka 1790, vikundi vya waigizaji kutoka jimbo la Anhui vilipoingia mji mkuu kushiriki sherehe za Mfalme Qianlong wa nasaba ya Qing kutimiza umri wa miaka 80. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mahadhi yao yalichanganyika na mahadhi yaliyotoka jimbo la Hubei, na hapo ndipo zilipoungana jamii mbili za mahadhi, xipi na erhuang, ambazo ni uti wa mgongo wa muziki wa opera hii. Opera ya Kunqu, iliyopendwa zaidi na wasomi, ndiyo yenye umri mkubwa. Hiyo ilistawi tangu karne ya 16. Kwa hiyo Mei Lanfang alipozaliwa, opera ya Beijing ilikuwa na umri wa karne moja tu na ushei.

Jukwaa lake lilikuwa tupu. Meza moja na viti viwili viliweza kuwa ikulu, mahakama au mlima. Mwigizaji aliyeshika mjeledi wenye vishada alikuwa amepanda farasi. Aliyeshika kasia alikuwa ndani ya mashua. Na aliyelizunguka jukwaa mara moja alikuwa amekwisha safari ndefu. Uimbaji uliongozwa na zeze dogo la nyuzi mbili lenye sauti kali, huku ngoma na matoazi yakishika mapigo ya mwendo. Wahusika waligawanywa katika mafungu manne: sheng, yaani wanaume wa kawaida, vijana kwa wazee, dan, yaani wanawake, jing, yaani wanaume wenye nyuso zilizopakwa rangi, na chou, yaani wachekeshaji. Kila fungu lilikuwa na matawi yake. Katika dan, tawi la wanawake waadilifu lilihesabiwa kuwa la juu, na mwigizaji wake alisimama wima, mikono imetulia tumboni, akaimba. Wakazi wa Beijing walizoea kusema kwamba wanakwenda kuisikiliza opera, si kuitazama. Tawi la wasichana wachangamfu lilitegemea macho na maneno ya haraka, na tawi la wanawake wapiganaji lilitegemea wepesi wa viungo. Mwigizaji hakutarajiwa kuvuka mpaka wa tawi lake.

Dhima hizo zote za kike zilikuwa mikononi mwa wanaume. Utawala wa Qing uliwapiga marufuku wanawake katika majukwaa ya mji mkuu tangu karne ya 18, na kutokana na katazo hilo ukazuka ufundi mzima: sauti nyembamba ya juu ambayo mwanamume haizungumzi nayo, hatua fupi zisizotikisa kichwa, lugha pana ya vidole, na matumizi ya mikono ya maji, yaani vipande virefu vya hariri nyeupe vinavyoning'inia kwenye ncha za mikono ya joho. Ni kosa kuuchukulia ufundi huu kuwa ni mwigo wa mwanamke wa mtaani. Ulikuwa msamiati uliokubaliwa baina ya jukwaa na hadhira, na uhusiano wake na wanawake halisi haukuwa wa karibu kuliko uhusiano wa mjeledi na farasi. Pamoja na hayo yote, waigizaji wenyewe walihesabiwa watu duni, na wana wao hawakuruhusiwa kufanya mitihani ya kuingia utumishi wa dola. Sifa walizipata; heshima hawakuipata.

3.0 Mtoto asiye na dalili

Mei Lanfang alizaliwa Beijing tarehe 22 Oktoba 1894, katika ukoo wenye asili ya Taizhou, jimbo la Jiangsu. Babu yake, Mei Qiaoling (1842–1882), alikuwa mwigizaji mashuhuri wa dan na kiongozi wa kikundi cha Sixi. Baba yake, Mei Zhufen, naye aliigiza dhima za kike, lakini alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Mama yake alifariki mwaka 1908. Malezi yake yakaangukia kwa ami yake, Mei Yutian, mpiga zeze hodari aliyempigia Tan Xinpei, mwimbaji mkuu wa zama hizo. Ukoo ulikuwa na jina kubwa na mfuko mwembamba. Katika misukosuko ya mwaka 1900 uliiuza nyumba yake na kuhamia katika nyumba ya kupanga.

Alianza kufundishwa akiwa na umri wa miaka minane, na mwanzo huo ulikuwa mbaya. Uso wake ulikuwa wa kawaida, kope zimelegea, macho hayana nuru na hayaoni mbali, na alikuwa mzito wa kushika. Mwalimu wa kwanza alijaribu kumtia kichwani mistari michache ya wimbo wa wanaoanza, akashindwa, akaondoka kwa hasira akisema kwamba mlezi wa kazi hii hakumpa mtoto huyu riziki yake. Miaka mingi baadaye, mwalimu huyo alipomwomba radhi, Mei alimjibu kwamba bila ya karipio lile asingejibidiisha.

Mwalimu aliyefuata, Wu Lingxian, alikuwa mtu wa subira. Mezani aliweka rundo la sarafu. Kila wimbo ulipaswa kuimbwa mara 20 au 30; kila ulipoimbwa mara moja, sarafu moja ilihamishiwa katika sahani, na zilipofika kumi zilirudishwa zilipotoka na hesabu ikaanza upya. Mtoto alisimama juu ya tofali lililowekwa kwenye benchi, miguuni amefungwa viatu vya mbao vya kuigiza nyayo ndogo za wanawake wa zamani, mpaka kijiti cha ubani kiishe kuungua. Wakati wa baridi alizikimbia hatua hizo juu ya barafu. Mazoezi haya yalikuwa ya mateso, na kuna waliotaka yafutwe. Mei mwenyewe aliyakumbuka kwa shukrani, kwani ndiyo aliyoyataja kuwa sababu ya kumudu michezo migumu ya viungo akikaribia umri wa miaka 60.

Macho yalipata dawa isiyotarajiwa. Akiwa kijana alianza kufuga njiwa kwa burudani, wakaongezeka hadi kupita jozi mia moja. Kila alfajiri aliwarusha na kuwaongoza kwa mti mrefu wa mwanzi wenye kitambaa nchani, akiwafuata kwa macho mpaka wapotee mawinguni, na kuwatenganisha na njiwa wa majirani waliojichanganya nao. Kwa kufanya hivyo miaka kadhaa, macho yalipata wepesi na mikono ikapata nguvu ya kubeba maleba mazito. Hadhira ya baadaye iliyoyasifu macho yake kuwa kipaji cha kuzaliwa haikujua habari za njiwa.

Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka kumi. Safari yake ya kwanza ya Shanghai, mwaka 1913, ndiyo iliyomfanya nyota. Alikwenda kama mwigizaji wa pili chini ya Wang Fengqing, akarudi akiwa na jina lake mwenyewe.

4.0 Kuitengeneza jadi

Shanghai ilimwonyesha zaidi ya makofi. Huko aliona majukwaa ya mtindo mpya, taa za umeme na tamthilia za mazungumzo zilizoshughulikia mambo ya siku zile. Aliporudi Beijing alitoa michezo kadhaa ya mavazi ya kisasa, ukiwamo mmoja wa mwaka 1916 uliopinga ndoa za kupangiwa na wazazi. Watu walijaa, lakini aliona kasoro: maisha ya kila siku yalidai mwendo wa kila siku, na ishara za opera, zilizotengenezwa zitembee pamoja na muziki, zilikosa pa kusimama. Akaiacha njia hiyo.

Njia iliyomfaa ilifunguliwa na barua. Msomi Qi Rushan, aliyekuwa ameona tamthilia za Ulaya, alimtazama katika mchezo ambamo mke anamsikiliza, kutoka ndani ya nyumba, mtu anayedai kuwa mume wake aliyepotea kwa miaka 18. Mume anaimba kirefu nje ya mlango akieleza habari zake za zamani. Kwa kufuata desturi ya tawi la wanawake waadilifu, Mei alikaa kimya bila ya mabadiliko yoyote usoni hadi wimbo ukaisha. Qi alimwandikia barua ndefu kumwuliza inawezekanaje mke asiguswe na maneno hayo, akapendekeza mwitiko wa mwili kwa kila hatua ya wimbo. Mchezo ulipoonyeshwa tena, Qi aliyakuta mapendekezo yake yote jukwaani. Hiyo ilikuwa mapinduzi madogo. Mwigizaji wa dan, aliyekuwa sauti iliyosimama, aligeuka kuwa mtu anayesikia.

Ushirikiano wao ulidumu takriban miaka ishirini. Kwa kufuata nyayo za mwalimu wake Wang Yaoqing, aliyekuwa ameanza kuvunja mipaka ya matawi, Mei aliunganisha uimbaji wa wanawake waadilifu, uchangamfu wa wasichana na viungo vya wapiganaji katika mhusika mmoja. Mwaka 1915 ulitolewa mchezo wa Chang'e anayekimbilia mwezini. Ndani yake Mei alivaa mavazi na kufunga nywele kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana katika opera, iliyobuniwa kwa kutazama michoro ya kale ya wanawake. Mwaka 1917 ukafuata ule wa malaika wa Kibudha anayemwaga maua, wenye ngoma ya utepe mrefu, nao pia ulichotwa kutoka katika picha. Mwaka 1922, katika Bawang Bie Ji, yaani Mfalme Anamuaga Suria Wake, Mei akiwa pamoja na Yang Xiaolou aliingiza ngoma ya panga mbili. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1920, yeye na wapiga zeze wake waliongeza zeze la pili, lenye sauti nene na laini, kandokando ya lile kali la asili, na leo ni vigumu kuisikia sauti ya dan bila ya ala hiyo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Ngoma ya panga, ngoma ya utepe, mavazi ya kale na zeze la pili ndivyo vitu vinavyotajwa kwanza mtu akitaka kueleza ujadi wa opera ya Beijing. Vyote vilitungwa na watu wanaojulikana kwa majina, katika miaka inayojulikana. Hata Suria Aliyelewa, mchezo aliourithi, haukubaki ulivyokuwa: aliondoa vitendo vya ashiki vilivyokuwa vikichekesha umati, na badala yake akaweka huzuni ya mwanamke aliyeahidiwa kutembelewa na mfalme kisha akasahauliwa. Kule kujipinda nyuma kuchukua kikombe cha pombe kwa meno kulibaki, ila maana yake ilibadilika.

Si wote waliofurahi. Wanamapinduzi wa fasihi waliojikusanya katika jarida la Vijana Wapya walikuwa wamekwisha kuishambulia opera nzima mwaka 1918 kuwa ni masalio ya ukabaila. Lu Xun, mwandishi mkubwa kuliko wote wa kizazi hicho, aliandika mwaka 1934 kwamba wasomi walimtoa Mei mikononi mwa watu wa kawaida na kumfungia katika kabati la vioo. Lawama hiyo ilikuwa kali, na haikukosa ukweli. Michezo ya Qi Rushan ilikuwa mizito kwa lugha ya kishairi, na mtazamaji asiyejua kusoma aliyeuelewa kila utani wa michezo ya zamani aliweza kuikalia mipya bila ya kuambulia zaidi ya urembo. Hata hivyo Lu Xun hakuwa na jibu kwa swali moja: ikiwa jukwaa lilikuwa limeanza kupoteza watu kwa sinema na tamthilia mpya, lingebakije bila ya kujipamba?

Maisha ya nyumbani yalikuwa na misiba yake. Watoto wawili wa mke wake wa kwanza, Wang Minghua, walifariki wangali wadogo, na mama yao akawafuata mwaka 1929. Kwa Fu Zhifang, aliyemwoa mwaka 1921, walizaliwa watoto tisa, wakabaki wanne. Kwa miaka michache aliishi pia na Meng Xiaodong, mwanamke aliyesifika kwa kuigiza wanaume wazee. Uhusiano huo ulivunjika mwaka 1931 kwa uchungu, na magazeti yalinufaika nao kuliko wahusika.

5.0 Mbele ya macho ya wageni

Mei alizuru Japani mwaka 1919 na mwaka 1924, na mwaka huohuo wa 1924 Rabindranath Tagore alimtazama mjini Beijing. Safari iliyobeba hatari ilikuwa ya Marekani. Fedha zilichangwa na marafiki wenye mabenki. Kisha, safari ikiwa imekwisha kuandaliwa, soko la hisa la New York likaporomoka mnamo Oktoba 1929. Alikwenda. Maonyesho yalianza New York tarehe 16 Februari 1930, yakiwa yamepangiwa wiki mbili, yakaendelea kwa tano, kisha kundi likapita Chicago, San Francisco, Los Angeles na Honolulu. Chuo cha Pomona na Chuo Kikuu cha Southern California vilimtunukia shahada za heshima za udaktari. Mtoto wa ukoo ambao wanawe hawakuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani akarudi nyumbani akiitwa Daktari.

Ushindi huo ulipangwa kwa uangalifu. Zhang Pengchun, mtaalamu wa elimu na tamthilia ambaye baadaye alishiriki kuandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, aliteua vipande vinavyoeleweka kwa macho na kuvifupisha. Kabla ya kila kipande, hadhira ilielezwa kisa kwa Kiingereza. Kilichotia fora ni kipande cha Kunqu cha mjakazi wa ikulu anayejifanya binti mfalme, akaozwa kwa jemadari wa adui, akamwua usiku wa harusi. Tabasamu kwa mume, na chuki akigeukia hadhira: hapakuhitajika mkalimani. Michezo ya mavazi ya kisasa haikupelekwa kabisa. Wamarekani walitaka China ya kale, wakapewa. Ni haki kusema kwamba ujadi wa opera ya Beijing, kama ulimwengu ulivyoujua baadaye, ulihaririwa pia kwa ajili ya safari hii.

Mwaka 1935, kwa mwaliko wa Kisovieti, aliigiza Moscow na Leningrad katika miezi ya Machi na Aprili. Ni vigumu kutaja mwigizaji mwingine aliyetazamwa na hadhira kama ile. Vsevolod Meyerhold, aliyekuwa tayari ameanza kusakamwa kwa kutofuata uhalisia rasmi, aliona kwa mgeni huyu uthibitisho wa mambo aliyoyatafuta maisha yake yote, na akamtunukia onyesho lake jipya la mchezo wa Griboyedov. Sergei Eisenstein alimpiga filamu. Brecht, mkimbizi wakati huo, alimwona akionyesha ishara za dhima za kike chumbani, akiwa amevaa suti ya jioni, bila ya vipodozi wala taa za jukwaa. Makala ya Brecht iliyochapishwa mwaka 1936 ilidai kwamba mwigizaji wa Kichina hajidai kuwa ndiye mhusika. Anamwonyesha mhusika, huku akijitazama mwenyewe akifanya hivyo, na kwa njia hiyo jambo lililozoeleka linaonekana geni na hadhira inapata nafasi ya kuhukumu.

Makala hiyo ina thamani kubwa kwa kumwelewa Brecht. Kwa kumwelewa Mei, inahitaji tahadhari. Mtazamaji wa Beijing hakuona ugeni wowote katika mjeledi na kasia. Alivijua tangu utotoni na vilimliza kwa wepesi. Naye Mei, katika kumbukumbu zake, anaeleza mara kwa mara jinsi alivyojitahidi kujisahau na kuzama katika moyo wa mhusika, hasa katika mchezo wa binti anayejitia wazimu ili kukwepa ndoa, ambamo mwigizaji hana budi kubeba nyuso tatu kwa pamoja. Maelezo yake yanamkaribia Stanislavski pengine kuliko yanavyomkaribia Brecht. Ukweli ni kwamba swali la kuwa ndani au nje ya mhusika lilikuwa swali la Ulaya, nalo lilisafiri kumfuata.

Kuna onyo jingine kwa watafiti. Tarehe 14 Aprili 1935 wasanii wa Moscow walikutana kumjadili Mei. Katika miaka ya 1980 msomi wa Sweden, Lars Kleberg, alitunga tamthilia juu ya mkutano huo, akimpa kila mshiriki maneno ya kubuni yanayolingana na nadharia zake. Tamthilia hiyo ilitafsiriwa kwa Kichina na kunukuliwa kama kumbukumbu halisi. Kumbukumbu zenyewe zilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1992, ikadhihirika kwamba Stanislavski hakuwapo na Brecht hakusema neno. Meyerhold alisema mengi. Alikamatwa mwaka 1939 na kupigwa risasi mwaka 1940.

6.0 Masharubu

Mei alikuwa amehamia Shanghai mwaka 1932, baada ya Japani kuiteka Manchuria, na kutunga michezo miwili ya upinzani iliyojificha katika visa vya vita vya zamani dhidi ya wavamizi wa Jin. Qi Rushan hakumfuata. Shanghai ilipoangukia mikononi mwa Wajapani, alikimbilia Hong Kong mwaka 1938. Hong Kong nayo ikatekwa Desemba 1941, na hapo akafanya jambo ambalo kila Mchina analijua: aliacha kunyoa. Kwa mwigizaji wa dan, uso laini ndio kitendea kazi. Mwenye masharubu hapakwi poda wala kuvishwa joho la suria. Alirudi Shanghai mwaka 1942 chini ya watawala waliomtaka aimbe kwenye sherehe zao. Inasimuliwa kwamba ujumbe wao uliposhikilia zaidi, aliagiza adungwe sindano za chanjo ya homa ya matumbo makusudi, na daktari wao akamkuta kitandani na homa kali.

Kukataa huko kulikuwa na bei yake. Mwigizaji hana akiba nyingine ila mwili, na mwili usiotumika huharibika. Alikuwa na familia na wafanyakazi wa kulisha. Aliuza mali, kisha akaanza kuuza michoro yake mwenyewe ya maua na ya Kibudha, ufundi aliojifunza kwa wachoraji wa Beijing, akiwamo Qi Baishi. Alichora usiku baada ya kufunga madirisha. Vita vilipokwisha Agosti 1945 alinyoa, na baada ya muda mfupi akarudi jukwaani akiwa na umri wa miaka 51. Sauti haikurudi mara moja. Ilishindwa kulifikia zeze la opera ya Beijing, kwa hiyo akaanza na Kunqu, ambayo huimbwa kwa filimbi yenye kimo cha chini zaidi. Mwaka 1948 mmoja wa michezo yake ya upinzani ulifanywa filamu na Fei Mu, filamu ya kwanza ya rangi nchini China.

7.0 Hatua na umbo

Jamhuri ya Watu ilipoundwa mwaka 1949, Mei alibaki, na serikali mpya ikampa heshima za juu. Mnamo Novemba mwaka huo, katika mahojiano mjini Tianjin, alitoa maoni kuhusu namna ya kuirekebisha opera: kwamba inafaa kusogezwa hatua kwa hatua bila ya kubadilishwa umbo lake, na kwamba fikra na ufundi visitendewe kama kitu kimoja. Maneno yale yalikuwa muhtasari wa miaka yake yote ya kazi. Kwa viongozi wa utamaduni yalisikika kama utetezi wa mambo ya kale, na makala za kumpinga zikaandikwa. Kabla ya mwezi kwisha alisimama mkutanoni na kusahihisha msimamo wake: umbo na maudhui havitenganiki, na anayesogeza hatua lazima abadili umbo.

Kuna dhihaka katika tukio hilo ambayo haionekani kuwa ilitambuliwa wakati ule. Mtu aliyebadilisha mavazi, muziki, ngoma na maana ya dhima za kike kuliko mwingine yeyote wa karne yake ndiye aliyeshutumiwa kwa kutotaka mabadiliko. Baada ya hapo alizungumza kwa hadhari. Aliongoza taasisi ya utafiti wa opera tangu mwaka 1951, akaigiza kwa wafanyakazi na wanajeshi, akaacha kumbukumbu za miaka arobaini ya jukwaa alizomsimulia Xu Jichuan, na maonyesho yake yakarekodiwa katika filamu mwaka 1955. Mafunzo ya wavulana kwa dhima za kike, kwa upande mwingine, hayakupendelewa tena. Wanawake walikuwa wamefunguliwa jukwaa, na sababu ya awali ya ufundi ule ilikuwa imeondoka. Miongoni mwa wanafunzi wake bora wa wakati huo walikuwamo wanawake. Nyumbani kwake mambo yalikwenda kinyume: mwanawe, Mei Baojiu, aliigiza wanawake, na bintiye, Mei Baoyue, aliigiza wanaume wazee.

Mchezo wake mpya wa mwisho ulitolewa mwaka 1959, mwaka aliojiunga na Chama cha Kikomunisti. Mhusika wake, Mu Guiying, ni jemadari mwanamke aliyejiuzulu miaka 20 kwa kuchoshwa na baraza la mfalme, kisha anaitwa tena vitani. Katika sehemu moja amekabidhiwa muhuri wa ujemadari na yuko peke yake jukwaani. Anasitasita, anakumbuka waliokufa, anaamua. Mei hakutaka sehemu hiyo iimbwe. Alipokwama, alichukua mfululizo wa mapigo ya ngoma na miondoko kutoka katika michezo ya majemadari wa kiume, kitu kisichowahi kuonekana katika dan, akautia ndani ya mwili wa mwanamke wa makamo. Hatua ilisogea, na hakuna aliyelalamika kuhusu umbo.

Aliucheza mchezo huo kwa mara ya mwisho tarehe 31 Mei 1961, mbele ya wanasayansi wa Chuo cha Sayansi cha China. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 8 Agosti mwaka huo, akazikwa katika vilima vya magharibi ya Beijing pamoja na Wang Minghua. Mwaka 1962 mwelekezi Huang Zuolin alianza kumweka Mei katika mizani moja na Stanislavski na Brecht, na mlinganisho huo umejadiliwa tangu hapo. Miaka minne baadaye yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, na michezo yote iliyotajwa katika makala haya ikaondolewa jukwaani. Mei Baojiu alikaa zaidi ya miaka kumi bila ya kuigiza dhima ya kike. Aliporuhusiwa tena alikuwa amepita umri wa miaka 40. Alianza kwa kuitafuta sauti, kama baba yake mwaka 1945, na aliendelea kufundisha na kuigiza hadi alipofariki mwaka 2016.